Taa Nyekundu ya Ndolo

Kalondu, uko? Bwana wangu ni mwongo. Ndolo! Wangu!

Unakumbuka zile video alikuwa anatuonyesha kwa hall ya kanisa hapo Ikutha, mwaka wa themanini na nane? Ile ya chombo cha angani? Hatari ikiingia, chombo chote kinakuwa chekundu, giza giza?

Haikuwa hatari. KAPTENI NA MPENZI WAKE WALIKUWA WANABUSIANA.

Leo kwa harusi ya Muthoki ameshika maiki, anacheka, anasema pasta alimpa hall mradi tu watu wasione mambo ya kubusiana. Kwa hivyo wale wawili wakikaribiana tu, anateremsha karatasi nyekundu ya plastiki mbele ya TV na kupiga kelele, "Hatari! Hatari!"

Na sisi tunaomba! Mama yangu alimwombea yule kapteni na machozi!

Mimi ndio nilimuuliza mbona taa ya hatari iwe nyekundu na hafifu, si ing'ae watu waone. Akanijibu polepole, "Mwangaza mwekundu hauharibu macho yakishazoea giza. Rubani bado anaona nje." Kalondu, hapo ndipo nilimpenda. Nilisema huyu mtu anajua vitu.

Nimemuuliza kwa gari, na hiyo ya macho? "Hiyo ni ukweli, nilisoma kwa gazeti."

Ukweli! Alichukua ukweli akafunikia busu!

Sasa hivi amekuja karibu, anataka kunibusu ati nimsamehe. Nimevuta lesso yangu nyekundu nikajifunika uso. Nimemwambia ni hatari.