Lango la Mguu Mmoja

Okayama,
18 Mei 1986

Dada yangu mpendwa Tamae,

Pokea shikamoo yangu, nayo ivuke bahari zote ikukute wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima. Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Mama hajakubali hadi leo kwamba wakati sisi tunatoa mafeni kabatini, ninyi huko Brazili mnatafuta masweta. Anasema nchi hiyo inafanya makusudi. Sisi hatujambo, ila nina habari ambayo nimeshindwa kukueleza kwa simu.

Unajua Baba hasafiri. Sasa mwezi huu Mama aliamka na hoja kwamba, kabla sijaolewa na Teruhiko, lazima twende sote kwa treni tukaombe baraka kwenye mahekalu ya kusini. Baba akasema atabaki kulinda nyumba. Mama akamjibu kwamba nyumba haijawahi kukimbia, wala hakuna mwizi anayetaka matangi yake ya samaki. Nilicheka, lakini nikajiuliza ana nini, maana tiketi alikuwa ameshazikata.

Safari ilianza vizuri. Baba alikaa dirishani, akala chakula chake cha boksi na cha Mama nusu. Kwenye hekalu la kwanza, la Dazaifu, tuliomba, tukafunga karatasi za bahati kwenye kamba, tukala vitumbua vya maharage vilivyochomwa mbele yetu. Mama akawa anamtazama Baba kuliko alivyotazama hekalu. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, ndipo aliposema kwamba kesho tunaendelea mpaka Nagasaki, kuna hekalu dogo amesikia sifa zake. Baba akaweka kikombe chini. Akasema huko ni mbali, isitoshe hajawahi kufika na hapajui. Mama akasema vizuri, basi tutapotea pamoja.

Dada, hatukupotea. Hilo ndilo lililoniwasha akili njia nzima. Tuliposhuka kwenye tramu, mimi nikafungua ramani, Baba akawa tayari ameshavuka barabara. Tulipokaribia jiwe jeusi la kumbukumbu, lililowekwa mahali ambapo bomu la atomiki lilipasuka angani, alivua kofia kabla mimi sijaliona. Bibi mmoja muuza machungwa akamsemesha kwa lafudhi ya huko, naye akamjibu kwa lafudhi hiyohiyo, nzito, ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake. Nikamtazama Mama. Mama akanifinya mkono ninyamaze.

Hekalu lenyewe liko kilimani. Ukipanda ngazi unakutana na lango la mawe lenye nguzo moja tu. Nusu yake iliangushwa na bomu, nusu ikabaki wima kama mtu aliyekatwa mguu akakataa kukaa. Mama akasimama mbele yake, akauliza kwa sauti ya mtalii kabisa:

“Na mguu wa pili uliishia wapi?”

“Umelala pale pembeni,” Baba akasema. “Ukipita nyuma utauona.”

Kisha akatambua alichosema. Mama akakunja mwavuli wake taratibu.

“Baba Tamae,” akamwambia, “miaka yote hii nalala na wewe, na usiku unamwita Tamae kwa lafudhi ya Nagasaki. Unamwambia, ‘Tamae, njoo tule.’ Ulimwita kabla sijamzaa binti yetu. Ulipompa mtoto jina hilo nikanyamaza, nikamwonea wivu mwanangu mwenyewe. Leo nimekuja unionyeshe huyo mwanamke. Kama yu hai, nimsalimie. Sitagombana, nimechoka.”

Baba alikaa kwenye ngazi. Nilidhani anaumwa. Halafu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akasema, “Mwanamke gani, Mama Tamae? Alikuwa na miaka mitano.”

Tamae alikuwa mdogo wake. Baba si mtu wa Kumamoto kama alivyotuambia. Kwao ni pale, chini ya kilima kile. Siku ya bomu, Agosti 1945, alikuwa ametumwa shambani kwa mjomba, ng'ambo ya milima, kuleta viazi. Aliporudi hakukuta nyumba, wala wazazi, wala Tamae. Akawatafuta katika majivu hadi mjomba alipokuja kumchukua. Alipokua, mshenga alimwonya: ukisema umetoka Nagasaki hakuna atakayekupa binti yake, watu wanaogopa sumu ya bomu katika damu yako na ya watoto wako. Akafunga mdomo, kisha akashindwa namna ya kuufungua.

Kwa hiyo, dada, lile jina ulilomlilia Baba alibadilishe kwa sababu wenzako shuleni walisema ni la kibibi, ni la shangazi yetu.

Mama akaenda kwenye mti mkubwa wa kafuri wa hekalu, ambao watu waliudhani umekufa kwa moto wa bomu nao ukachipua, akatoa kitumbua kilichobaki kwenye mkoba wake, akakiweka kwenye mzizi. Nikamsikia akinong'ona, “Kumbe ni wifi yangu. Nisamehe, wifi. Nilikusema sana.”

Ndani ya treni ya kurudi Baba aliniomba nisiwaambie kina Teruhiko mpaka harusi ipite. Sikuweza. Jumapili nilimweleza Teruhiko mwenyewe. Alinisikiliza, akasema tarehe ni ileile. Mama yake hajatupigia simu tangu hapo, na zawadi ya posa waliyotuletea alimtuma dereva wao akaja kuichukua. Teruhiko ameileta tena kwa mikono yake. Sijui itakuwaje. Baba anajilaumu, mimi namwambia mume wa kumpata kwa kumficha baba yangu simtaki.

Wasalimie watoto, umwambie mkubwa picha zake zimefika. Mama anakusalimu. Baba sasa anaongea lafudhi yake mezani waziwazi, nusu hatumwelewi. Ameniomba niandike hivi, neno kwa neno: Agosti ukipata likizo, uje, nimpeleke Tamae kwa Tamae.

Mdogo wako akupendaye,
Fumiyo