Siku Niliyombebea Mpangaji Wetu Vyombo

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mjomba Kinyozi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za jikoni shuleni umeshika ukuta, na ukiulizwa unajibu unapima kama rangi imekauka. Tafadhali nenda hospitali. Na shemeji je, presha imetulia, au bado anajitibu kwa kugombana na redio?

Mimi mwili hauna neno. Kikohozi kimeniacha, kazi ya majokofu ipo, na bosi bado ananiita kwa jina la fundi aliyeacha kazi kabla yangu. Moyo ndio mgonjwa. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu ningekuchekesha, na ukishacheka ningeaga nikiwa sijasema kitu. Unanijua.

Ni habari ya ile nyumba yetu. Unakumbuka nilivyokusumbua nayo mwaka mzima: fleti ya vyumba viwili katika mji wa chemchemi za maji moto, ambako watu huja kulowesha mifupa kwa wiki moja, wanalipa vizuri, wanarudi makwao. Nilikupigia hesabu mpaka ukachoka kusikiliza. Nilikwambia utaacha kunyanyua masufuria ya shule, na kila mwezi fedha itaingia tukiwa tumekaa. Wewe ukaniuliza swali moja tu, kwamba waliomo humo wanakwenda wapi. Nikacheka. Nikasema hamna mtu, Dada, hiyo ni nyumba ya biashara. Sikuwa nimeuliza.

Mwanasheria alinieleza mapema kwamba mgeni kama mimi katika nchi hii haruhusiwi kununua nyumba wanayoishi wenyeji. Kibali changu ni cha kupangisha wasafiri tu, tena muuzaji lazima aikabidhi ikiwa tupu. Hilo neno tupu lilinipita hivi hivi. Nilidhani anazungumzia makabati.

Sasa Jumamosi iliyopita nikaenda kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Hata kusaini bado, lakini mdogo wako alikuwa ameshachagua rangi ya mapazia! Nilitoka moja kwa moja kwenye friji ya bucha moja nikapanda basi na ovaroli langu, nikinuka nyama na gesi. Dalali alisema atanikuta mlangoni na ufunguo. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi, na ngazi zote zimejaa vyombo: vikapu, ndoo, mafurushi ya vitambaa, na meza imelazwa ubavu.

Akatoka mama mmoja wa makamo ya Mama Mdogo, mwembamba, kamba ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Ni fundi cherehani. Akalitazama ovaroli langu, akasikia ninavyosalimia, akamaliza kunijua. Katika mji ule wachukuzi karibu wote ni watu wa kwetu. Ukifungua mdomo kwa lafudhi yetu, unakabidhiwa mzigo.

"Umechelewa, mwanangu!" akasema. "Haya, anza na godoro, na usiliburute."

Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani. Nikasema, "Sawa, mama."

Dada, nililibeba lile godoro. Nikabeba na kabati, na jiko, na sanduku la picha. Nilipopata nafasi kwenye kona ya ngazi nikamtumia dalali ujumbe kwamba nimepata dharura, asije. Usifikiri nilifanya hivyo kwa huruma. Niliogopa atatokea na lile tabasamu lake aniite bosi mbele ya yule mama. Saa ile nilivaa miwani ya mbao, nikajifanya mchukuzi, na mchukuzi mwenyewe aliyeitwa hakutokea.

Na kazi yenyewe siijui. Kabati lilinishinda pale kwenye kona, nikawa nazunguka nalo tu. Yule mama akasimama juu akaniuliza, "Wewe unalibeba au unalicheza dansi?" Nikacheka kweli, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Jirani wa ghorofa ya chini akafungua mlango kuona kuna sherehe gani. Baada ya hapo akaniona mtu wake, akaanza kunieleza mambo.

Aliingia pale akiwa na binti mchanga mgongoni. Binti sasa ameolewa mbali. Dirisha la chumba cha mbele ndilo alilofanyia kazi miaka yote, kwa kuwa linapata mwanga hadi jioni, na wateja wanalijua. Sasa anahamia kwa mpwa wake, atalala sebuleni. Kwa mpwa kuna mtoto mchanga, kwa hiyo cherehani haitapigwa, inakwenda tu kama pambo. Alilisema hilo akiwa anakunja shuka, na hakuonekana kama anatafuta kuonewa huruma.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, nani anamtoa. Akasema mwenye nyumba ni mzee wa watu, hana ubaya, anauza kwa sababu anahitaji kupasuliwa. Alimwambia wazi kwamba mnunuzi akighairi kabla ya kusaini, ile arubuni, fedha aliyotanguliza, itabaki kwa huyo mzee na itatosha hospitali. Basi hatauza tena, naye mama atarudi chumbani kwake siku hiyohiyo.

"Mnunuzi mwenyewe ni mgeni tu," akaniambia. "Hata uso wangu hajaja kuuona. Anaogopa nini?"

Nilikuwa nimeshika ncha moja ya meza yake, yeye ameshika nyingine. Nikatazama chini nikasema sijui, mama.

Tulipomaliza alitaka kunilipa. Nikakataa, akakasirika, tukavutana. Mwisho akasema basi nivue ovaroli, kwa sababu kwapa limepasuka kwa kunyanyua. Nikakaa kwenye ngazi na fulana yangu ya ndani, yeye akatoa sindano kwenye kola yake akashona, akinisema kwamba nakula vibaya. Nilitamani ardhi inimeze. Nimeona haya mara nyingi maishani, nyingine ukiwepo, lakini za namna ile sikuwa nazijua.

Ndiyo sababu ya barua hii. Siku ya kusaini ni tarehe ishirini na moja. Nikighairi, arubuni imekwenda, na nusu yake ni jasho lako wewe juu ya yale masufuria. Nisikudanganye kwamba naomba ushauri. Moyoni nimeshaamua kutosaini, ila siwezi kufanya wema kwa fedha ya mtu mwingine halafu nijipongeze. Fungu lako nitalirudisha kutoka kwenye mshahara, kidogo kidogo, na najua kidogo changu ni kidogo kweli. Goti lako halitanisubiri. Hilo nalo naliona, na ndilo linaloniuma zaidi, kwamba namwonea haya mtu baki wakati wewe ndiye nitakayekurudisha jikoni.

Ukisema hapana, nitasaini, na sitakunung'unikia hata kwa sauti ya chini. Lakini kabla ya tarehe hiyo nitakwenda kwa yule mpwa nimwonyeshe yule mama uso wa mnunuzi. Hilo nitalifanya vyovyote utakavyojibu. Nipigie, hata ukiwa na hasira, na hasa ukiwa na hasira.

Nisalimie shemeji. Mama Mdogo mpe pole ya mafua. Mjomba Kinyozi mwambie mashine yake ya kunyolea bado naitafuta, na wale pacha waambie zawadi zao zipo, nimezifungia kabatini nisije nikazichezea mwenyewe.

Hapa mwishoni ndipo huwa nakuombea heri. Leo kalamu imegoma, na acha nikwambie sababu. Gari la mizigo lilipokuwa tayari kuondoka na vyombo, yule mama alisimama barabarani akalitazama dirisha lake. Akainua mikono, akaomba kwa sauti watu wakisikia, "Ee Mungu, mgeuze moyo huyo mnunuzi. Asisaini." Kisha akanigeukia akaniuliza kama mimi nina pangu katika nchi hii. Nikasema sina, nimepanga. Akaniwekea mkono begani akasema, "Basi Mungu akupe na wewe nyumba yako, mwanangu, upumzike kubeba ya watu."

Niliitikia amina, Dada. Niliitikia mara zote mbili.

Niombee wewe.

Mdogo wako akupendaye, na leo anayekuonea haya,

Fundi Baridi