Dirisha la Chumbani Kwako

Duluth, 9 Desemba

Kaisa binti yangu,

Theluji imefika kiunoni, na baba yako bado anashindwa na sepetu. Mama yako hajambo. Amesikia kwamba ukibadilisha madirisha yanayopitisha baridi kabla ya mwaka kuisha, unapata punguzo la kodi, na tangu hapo sina raha.

Jana alikuja mkaguzi, akafunga feni kubwa mlangoni ili aone hewa inapenya wapi. Chumbani kwako pazia likapepea kama bendera.

"Mzee Lahti, dirisha hili halina komeo!"

"Liache hivyo hivyo."

Mama yako akadakia, "Mwambie ukweli, wewe! Si ulilitoa mwenyewe?"

Ndiyo, nililitoa. Siku ile tulipogombana nilikufokea usikanyage tena mlangoni pangu. Dirisha sikulitaja, na najua ulivyozoea kupitia hapo ukichelewa. Miaka mitatu sasa tunavaa makoti humu ndani.

Mafundi wanakuja Alhamisi. Madirisha mapya hayafunguliki mtu akiwa nje, Kaisa. Kwa hiyo yale maneno ya mlangoni nayafuta. Bisha hodi tu, mwanangu. Nitafungua mwenyewe.

Baba yako mkaidi,
Arvo