Kiti Chako Bado Kinayumba

Papa,

Ule mguu mfupi wa kiti, ulioahidi kuutengeneza "kesho" miaka yote ile, umetuachia hivyo hivyo. Mama anasema ulikuwa fundi wa milango ya kambi nzima ya Nakivale isipokuwa mlango wako. Ninacheka, halafu ninalia. Nimekukumbuka mno.

Unakumbuka jioni tulipomkamata Tumwine? Mfugaji wa hapo jirani Endiinzi, kamba mkononi, anapita katikati ya mahindi yetu. Kwetu wakulima, mgeni mwenye kamba jioni ni mwizi wa mbuzi, basi. Hatukujua kwamba mfugaji hutembea na kamba kama sisi tunavyotembea na jembe. Yeye hakujua Kiswahili, sisi hatukujua Kinyankore, na watu walikuwa wameshaokota mawe. Ukatoka na kiti. "Mumupe kiti kwanza. Mutu mwenye kuikala hawezi kupigwa." Ukampa maji kama mgeni, ukatuma polisi waitwe. Walipofika, ng'ombe wake aliyepotea alikuwa nyuma ya kanisa, anakula majani ya viazi vya pasta wetu. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu: anayekamatwa anakalishwa, anapewa maji, anaulizwa jina lake, mpaka polisi wafike.

Sasa nisikilize, Papa, maana hili ni gumu kuandika. Wiki ya matanga yako, baiskeli yako iliibwa. Tulimkamata aliyeichukua, na ni mtu wetu, tunaimba naye kwaya. Alikula chakula cha msiba wako! Nikashika jiwe. Mimi, mtoto wako. Watu wote wakaniangalia, wananingoja nianze, na ningeanza.

Aliyetoka na kiti chako ni Tumwine. Alikuwa amekuja kutupa pole, na maziwa yake. Alikiweka chini, akamkalisha yule mtu, akasimama mbele yake. Siku hizi ana Kiswahili cha sokoni kidogo. "Mzee nasema, kaa kwanza." Mzee huyo ni wewe, Papa. Niliona aibu, nikashusha mkono wenye jiwe.

Mwezi uliopita tuliitwa Mbarara, mimi na yeye, kwenye mkutano kule Kamukuzi. Walikuwepo polisi wa Uganda, wa nchi jirani, na wageni kutoka mbali, wanatafuta pamoja namna ya kuzuia uhalifu bila kuua wala kutesa watu. Wakauliza vikundi vya ulinzi vya wakazi, kama chetu, vinahitaji vifaa gani. Wenzetu waliomba tochi na buti. Mimi nikaomba viti. Ukumbi mzima ulicheka! Nikawasimulia habari ya jiwe langu, na kicheko kikaisha. Afisa mmoja, mama wa makamo kutoka nje ya Uganda, alisema amechoka kuitwa na kukuta maiti.

Nikasema na lile lililokuwa likinisumbua. Tukimkalisha mtu sisi, halafu akapigwa kituoni, tumefanya nini? Nilidhani watanifukuza. Yule mama ndiye aliyesema kwanza, "Ni kweli," kisha wakaanza kuzungumza kwa dhati. Polisi wameahidi kuja haraka tukipiga simu, na kuwaruhusu ndugu wamwone mtu wao. Warundi wa upande wa pili wa kambi wameniomba niende kuwaonyesha tunavyofanya. Endiinzi nao wataanza, Tumwine atawasimamia.

Ahadi za mkutano nazijua, Papa. Nyingine huisha pamoja na chai. Nitafuatilia mpaka wanichoke, na wakinichoka nitafuatilia bado. Mama anasema kichwa hiki kigumu nimekirithi kwako.

Yule mwimbaji alihukumiwa kufanya kazi za jamii. Kila asubuhi anasafisha njia ya kwenda kisimani. Bado sijamsamehe vizuri, nisikudanganye. Jumapili tunasimama mstari mmoja, anaimba, na mimi naimba.

Lala salama, Papa. Alhamisi nakwenda kwa Warundi na kiti chako kichwani. Mguu sikuutengeneza. Lile jiwe nililotaka kumpiga nalo nililirudisha nyumbani, nikalijaribu chini ya ule mguu mfupi, likakaa sawasawa. Kila nitakapokibeba kiti, nitalibeba nalo, na sitalitumia kwa kazi nyingine.

Mtoto wako,
Furaha