Kibao Kwenye Klachi

Jumamosi. Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua.

Daftari langu, leo usinicheke. Nimekuja Tarime kutafuta gari. Si pikapu ya kubebea dawa za mifugo, wala landrova ambayo ningeweza kuwaambia watu ni ya kazi. Ni saluni ya milango minne, gia nne za mkono, injini ya mbio. Bwana mifugo wa Nyansurura, ambaye juzi tu alikaa mstari wa mbele kumpigia makofi mwenyekiti wa kijiji akilaani ubepari, anataka gari la kukimbia.

Nimelitamani tangu ujana, tangu mimi na kaka yangu Ochieng tulipokuwa tukivuka mpaka kwenda kusimama kando ya barabara na kungoja magari ya mashindano yatupite na kutumwagia vumbi. Yeye alikuwa akisikiliza injini. Mimi nilikuwa nikitazama rangi.

Wiki mbili zilizopita dereva wa lori la ushirika aliniambia, "Bwana mifugo, pale Bomani kuna gari. Ukiliona utafikiri lilitengenezwa kwa ajili yako." Nilimwona mtu wa maneno tu, nikacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na jana nilidandia lori lake nikaja, nikalala kwa mama katika kijiji kipya.

Asubuhi mama alinisindikiza mpaka barabarani. Ana fimbo mpya ya kutembelea, nyeupe, bado haijashika weusi wa mkono. Nilimwuliza ameitoa wapi.

"Kuna mtu amenichongea," alisema.

Sikuuliza zaidi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye gari.

Gari liko nyuma ya duka la Mama Rhoda, mjane mmoja mfanyabiashara mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Dukani kwake siku hizi kuna chumvi, mafuta ya taa na rafu tupu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akiutazama mguu wangu, si uso. Nimezoea. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo na ukabaki mfupi kwa upana wa vidole vinne. Watu huutazama kisha hujifanya hawakuutazama. Yeye hakujifanya. Aliutazama kama mtu anayelinganisha kitu na maelezo aliyopewa.

Hakuniuliza jina. Alivuta turubai.

Lilikuwa jeupe, safi, jipya kiasi kwamba vitambaa vya viti vilikuwa bado na harufu ya kiwandani. Usukani mdogo mnene. Saa mbili za duara mbele ya dereva, moja ya mwendo na moja ya mzunguko wa injini. Mama Rhoda alisema liliingia kabla mpaka haujafungwa mwaka jana, na tangu hapo liko hapo hapo. Kila anayeliulizia humwambia limeshauzwa.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Kaa ndani kwanza, nyathina, mwanangu."

Nilikaa. Huwa kila nikiingia kwenye gari la mtu lazima nikivute kiti mbele, nijisogeze ukingoni na kunyoosha mguu kama kuku anayechakura, ndipo niifikie klachi. Leo niliweka mikono kwenye usukani nikatazama kioo cha kati, na kioo kilikuwa kinatazama nyuma sawasawa. Nilikanyaga klachi. Ikashuka mpaka chini, laini, bila kujinyoosha hata kidogo.

Nilikaa hivyo muda mrefu, mguu uko chini, naogopa kuinama.

Nilipoinama nikaona kibao. Kilikuwa kimefungwa juu ya klachi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, uliopitishwa mara mbili kwa kupishana, ncha ikafichwa chini. Upande wa nyuma kilikuwa kimechongwa mfuo mdogo wa kuegemeza kisigino. Kibao kama hicho nilikuwa nacho kwenye pedali ya baiskeli nikiwa na miaka kumi. Ufungaji ule, na mfuo ule wa kisigino, ni vya mkono wa mtu mmoja tu duniani.

Kaka yangu Ochieng tulimzika miaka tisa iliyopita.

Ngoja niiseme yote. Hatukumzika Ochieng. Tulizika yago, tunda la mwegea, lile refu na zito kama mchi. Kwetu Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunda hilo hulazwa kaburini mahali pake, linaliliwa, na mambo yanaisha. Ochieng alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka kufanya kazi ya ufundi wa magari, na kwa miaka miwili hapakuwa na barua wala salamu.

Na hapa ndipo pabaya. Mdogo haoi kabla ya mkubwa. Ochieng alikuwa mkubwa, hajaoa, hayupo. Mimi nilikuwa na mchumba, Atieno, na baba yake alikuwa amechoka kungoja. Siku moja dereva mmoja aliniambia amesikia kuna fundi amesombwa na mto huko Migori, huenda ni wa kwetu, huenda siye. Nilikwenda kwa wazee nikasema dereva ameuona mwili wa Ochieng kwa macho yake. Neno "huenda" nililiacha njiani.

Yago likazikwa. Mama akanyoa nywele. Miezi mitatu baadaye nilioa.

Na sheria ya wazee wetu ni moja: aliyekwisha zikwa hana tena mlango nyumbani. Hata arudi anapumua, akiingia lango la mji wake, kifo kitadai mtu mwingine kwenye mji huo badala yake.

Nilitoka kwenye gari, nikamwuliza Mama Rhoda nani alilileta. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Fundi wa ng'ambo. Mtu mkimya. Nilimwuliza jina akasema, 'Mimi sina jina upande huu.'" Alikunja turubai taratibu. "Akasema atakuja mtu anayechechemea kushoto, nimpe funguo. Mimi nikamwambia, vilema Tarime hii ni wengi, nitamjuaje? Akasema, 'Atakapokaa hatasogeza kiti.'"

Nilimtazama. Na yeye alinitazama.

Sikuwa nimesogeza kiti.

Alinipa funguo akasema niende nalo, mengine tutaongea Jumatatu. Nilitaka kukataa. Kitu kilichoandaliwa na marehemu hakipokelewi ovyo. Lakini, daftari langu, nitakuwa mwongo nikisema ni kaka tu aliyenipandisha kwenye gari lile. Niliwasha injini, ikanguruma chini chini, na ile tamaa yangu ya miaka yote ikaamka pale pale kwenye woga. Nilikuwa naogopa na nafurahi kwa wakati mmoja, na nilijichukia kwa yote mawili.

Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mti wa gia uliingia wenyewe kila nilipotaka, na mara mbili uliingia kabla sijajua nataka. Ukungu ulikuwa umelala barabarani nikawasha taa mchana. Sikuwa nimeamua kwenda popote. Nilipozinduka nilikuwa nimeshachepuka kutoka barabara ya Utegi na magurudumu yako kwenye majani, mbele ya ua wa minyaa.

Mahame yetu.

Sikuwa nimefika pale tangu operesheni ya vijiji ilipotuhamisha. Nyumba tulibomoa wenyewe tukabeba miti na mabati. Ua umebaki na lango limebaki wazi bila kitu ndani, na mvua zimesawazisha hata mahali pa majiko. Nilizima gari. Hapakuwa na ndege wala ng'ombe wala sauti ya mtoto, ila chuma cha injini kikipoa, tik, tik.

Kwenye kaburi la Ochieng pameota mwegea.

Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Tunda tulilolizika liliota, likatoka juu ya kifusi, na sasa ni mti unaonipita urefu mara mbili, majani mazito, na matunda matatu yananing'inia kila moja kwa kamba yake. Hapakuwa na upepo. La katikati lilikuwa linayumba.

Nilipiga ishara ya msalaba kwanza, ndipo nikasogea. Kaburi limepaliliwa, hakuna hata jani. Pembeni pana jiwe la kukalia, na majani mbele yake yamelala kama yanavyolala pale mtu anapozoea kuweka miguu. Kwenye shina kuna makovu mawili ya matawi yaliyokatwa kwa msumeno. La chini ni la zamani, gome limeanza kulifunika. La juu ni bichi. Niligusa, kidole kikarudi na utomvu.

Nilirudi kwenye gari nikakifungua kibao kwenye klachi. Nilikiweka juu ya kovu la chini. Rangi ni ile ile, na ubavu mmoja bado una gome, gome lile lile.

Kibao cha mguu wangu kilikatwa kwenye mti uliotoka kaburini kwake. Na mti huo haukuwapo tulipomzika.

Marehemu hakati mti kwa msumeno. Nilisimama pale nikijiambia hivyo kwa sauti, na sauti yangu ilinitisha kuliko kimya. Kisha nikaanza kufikiri juu ya lile tawi la pili, la juu, lililo bichi. Lazima lilikuwa refu na limenyooka. Nikaikumbuka fimbo ya mama.

Nilikifunga kibao nikaendesha mpaka kijijini kama mwizi anayefukuzwa.

Mama alikuwa amesimama nje kabla sijakata kona. Hakulitazama gari. Alitazama kiti cha pembeni yangu, kisha cha nyuma, na mabega yake yakashuka.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Afadhali. Nimesikia mlio, nikadhani amejisahau akaja na wewe mpaka hapa. Asiingie hapa, Omondi. Wewe una watoto."

Nilimfungulia mlango wa gari.

Tuliongea tumekaa kwenye gari, vioo vimefungwa, mjumbe wa nyumba kumi akipita na kupita tena kuona saluni. Mama amejua tangu mti ulipotoa maua yake ya kwanza. Alikuwa amekwenda mahame kuokota kuni akamkuta mtoto wake amekaa kando ya kaburi lake mwenyewe, akingoja kama mtu anayengoja zamu. Hakuingia ndani ya lango, maana kaburi liko nje kidogo ya ua, ndipo mahali pekee pa nyumbani anapoona ni halali yake. Tangu hapo, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi huja kwa njia za panya, na mama humpelekea ugali na samaki kwenye kapu. Hata mpaka wa nchi ulipofungwa hakuacha.

"Hakunitafuta mimi?" niliuliza.

"Atakutafutaje? Wewe ndiye uliyemzika."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa angelisema kwa ukali.

Nikamwuliza kile ambacho nimekibeba miaka tisa kama jipu. Je, anajua juu ya neno langu kwa wazee? Mama aliizungusha fimbo mkononi.

"Mimi nilijua siku ile ile, ulipokuwa unalisema. Nilinyamaza, maana na wewe ulikuwa mtoto wangu pia. Yeye nilimwambia mwaka juzi. Alikaa kwenye jiwe mpaka jua likazama. Mwezi uliofuata alipokuja aliuliza, 'Mguu wa Omondi siku hizi ukoje? Anafika kwenye klachi?'"

Hapo nililia. Mama aliniacha nilie, akafungua kioo kidogo ili hewa iingie.

Sasa ni jioni, kuna mwanga wa kutosha kuandika na ukungu umerudi. Gari liko nje, watoto wa kijiji wamelizunguka, na nikitazama dirishani naona kioo chake kinanitazama. Bado linanitisha kidogo. Nimekwenda mara mbili kuhakikisha viti vya nyuma ni vitupu.

Kesho ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jumapili magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane mchana, kwa hiyo baada ya ibada sina muda wa kuwa mwoga. Nitampandisha mama na kapu lake mpaka mahame. Jumatatu nitakwenda kwa wazee kuwaambia kwamba kaburi lile limesimama juu ya uongo wangu, si juu ya kifo. Waseme wao kama kifo kina haki ya kudai mtu pale ambapo hakikupewa mtu. Wakisema ni lazima, basi anayedaiwa ni mimi, si wanangu.

Lakini si wazee wanaoniogopesha leo. Linaloniogopesha ni jambo dogo. Nitakapozima injini pale mbele ya minyaa, na yule mtu akainuka kutoka kwenye jiwe, nitaanza na neno gani? Sijui kama mtu uliyemzika huamkiwa.

Ni mkubwa wangu. Nitamwambia shikamoo, kisha nitangoja aitikie.