Kabichi za Darasa la Tatu

Jumatano usiku

Hata chai imenishinda. Kabichi zote za bustani ya shule! Nyapara amezikata leo asubuhi akampelekea bwana mkubwa, mwenye shamba hili. Ati ana wageni kutoka Nakuru.

Wazazi wengi hapa hawasomi barua, kwa hiyo kila Ijumaa nawakaririsha watoto habari za shule wakaziseme nyumbani. Wiki iliyopita walisema: "Mama, njoo Jumatano uone kabichi yangu."

Na wakaja, moja kwa moja kutoka kuchuma pareto, vikapu mgongoni. Mama Wanjiru akamuuliza mtoto wake, "Yako ni ipi?" Wanjiru akaonyesha shina lililokatwa. Mama akainama, akalishika.

"Ilikuwa kubwa," akasema.

Nyapara akacheka. "Mwalimu, si mtapanda zingine?"

Nikawarudisha watoto darasani. Siku hizi mtu huchukuliwa na askari kwa neno dogo tu, na mimi naogopa kama wengine.

Lakini keshokutwa ni Ijumaa. Habari ya wiki ninayo: "Kabichi zetu zimeliwa kwa bwana mkubwa." Watairudia mpaka iwakae kichwani, kila mtoto aifikishe kwao. Hata yule wa nyapara.