Mtu wa Katikati ya Kisima

Halima mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Mimi bado nabeba mawe hapa Chechelesi. Mgongo unalalamika lakini unaenda. Nyumbani Biliqo mvua imetukataa tena. Nyanya yako sasa anameza maji tu, ule uvimbe wa saratani umembana koo.

Umeniuliza kama umwambie kuhusu hiyo jeni mnayoichunguza maabarani. Mimi niliacha shule mapema, lakini nimekuelewa kupitia kisima. Ujanani tulisimama ndani ya kisima kirefu, mmoja juu ya mwingine, tukipitishiana ndoo. Ndugu yangu Guyo alikuwa katikati. Tulimtania, "Wewe huchoti, humwagi, umekuwa ngazi?" Siku moja alishikwa na kizunguzungu, akatoka. Chini maji yalikuwepo, juu ng'ombe walilia, lakini hakuna tone lililofika kwenye birika la kunyweshea. Basi protini inayotoka kwa jeni yenu ni kama Guyo. Yenyewe haifanyi kazi, inaunganisha tu protini zinazofanya. Mkiizuia, saratani haipati amri ya kukua. Naamini itawezekana.

Lakini siku ile tulichelewa kupata mtu wa kusimama mahali pa Guyo. Maji yalipofika, ndama mmoja alikuwa amelala kando ya birika, na hakuinuka tena.

Umesema dawa itachukua miaka. Nyanya yako hana miaka, Halima. Ameshakubali, na usiku analala. Ukimwambia, ataanza kungoja. Njoo tu, umnyweshe maji kwa kijiko.

Ni mimi babu yako, Boru.